Mvua ya Pweto kwenye Skrini

Mimi ni mtu wa kupanga mambo. Sijisifu, ni ugonjwa tu, na wanaoishi nami wanaujua. Kila sahani yangu ina mahali pake, viatu vyangu vinatazama upande mmoja, na mtu akiniambia atapita baadaye, namuuliza baadaye ya saa ngapi. Kazi yangu nayo inataka hivyo. Napiga chapa tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu na kuziweka sawa, kurasa, majedwali, maelezo ya chini, katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wangu hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Dirisha linatazama barabara. Upande huu kuna fundi wa cherehani, upande ule kuna baa. Wanafunzi wote ni wale wale: mwaka mzima hawaonekani, kisha wanamiminika siku moja, kila mmoja na flash yake mkononi, kila mmoja anataka kazi yake kesho asubuhi.

Ndiyo maana nilivipenda vile vidirisha. Dukani waliponiuzia kompyuta waliviita gadget, kwa matamshi ya Kifaransa. Mimi naviita vidirisha, maana ndivyo vilivyo: madirisha madogo yanayokaa pembeni mwa skrini muda wote, na kila kimoja kinakuambia jambo lake tu. Nilikuwa na cha saa, cha mviringo, chenye mishale. Nilikuwa na cha kalenda. Nilikuwa na kikaratasi cha njano cha kuandikia kazi zilizobaki, na kazi ikiisha unaifuta kwa raha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyepanga mambo. Nilikuwa na cha betri, na hicho ndicho nilichokiheshimu kuliko vyote, kwa sababu umeme wa mtaa wetu huondoka bila kuaga. Asubuhi nikiwasha kompyuta, kabla sijagusa herufi hata moja, nilipitisha macho pembeni pale nikajua nimesimama wapi.

Cha hali ya hewa sikukitaka. Hali ya hewa ya Lubumbashi naiona nikifungua pazia, bila kumaliza intaneti yangu. Aliyekitaka ni Mama. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Kila kiangazi alipanda lori hadi Pweto, kule mwisho wa ziwa Mweru, ambako yeye na Baba wote wawili wana asili yao, akanunua samaki, akarudi na magunia na harufu ambayo ilikaa kwenye mapazia mpaka Noeli. Siku alipoona kwamba kompyuta inaweza kusema kama kunanyesha mahali fulani, alisimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni, akaniamuru niweke Pweto. Nikaweka. Tangu hapo akipita na ufagio au na sufuria alikuwa anauliza kwao kukoje leo, nami najibu bila kugeuka: mvua, Mama. Au: jua. Kukiwa na mvua njia inakatika, malori yanalala kwenye matope, na yeye ananung'unika kana kwamba nimeinyesha mimi. Kukianza kuwa na jua siku mfululizo, alianza kukung'uta magunia.

Alikufa katikati ya masika, kwa ugonjwa ambao haukutupa nafasi hata ya kuzoea jina lake. Tukamzika kwenye matope. Mtu akifa unaondoa vitu vyake, nguo unagawa, mswaki unatupa. Kidirisha cha Pweto sikukiondoa. Sikuwa na sababu, mkono haukwenda tu.

Basi nikabaki na Baba.

Baba alifanya kazi stesheni ya reli maisha yake yote. Baba yake alikuwa ametoka kaskazini kuja kutandika reli, naye akairithi kama wengine wanavyorithi shamba. Kazi yake ilikuwa ubao. Ule ubao mkubwa mweusi uliokuwa ukutani, treni ya kuja, treni ya kwenda, saa, na zile zinazochelewa, yeye ndiye aliyeuandika kwa chaki. Nilipokuwa msichana mdogo nilipelekwa kumwona, nikakuta watu wamesimama chini ya ubao na mabunda yao, vichwa juu, wakimngoja aandike kama watu wanaongoja padri afungue misa. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa shule ya mapadri, na mkono wa shati wenye vumbi jeupe ambalo Mama alilipiga vita mpaka alipostaafu. Siku ambazo hakukuwa na treni, na baadaye zikawa nyingi, aliteremka kwenye kistuli chake akawaendea wasafiri mmoja mmoja kuwaambia hakuna kitu, warudi nyumbani, warudie kesho. Alitueleza sisi watoto kwamba neno la kesho lazima uliongeze, hata kama wewe mwenyewe hujui. Usimwondoe mtu stesheni bila kesho.

Akili yake ilianza kuvuja Mama akiwa hai, lakini Mama alikuwa anaziba. Ukimwuliza Baba jambo, Mama ndiye aliyejibu, nasi tukadhani ni mdomo wa Mama tu. Alipoondoka ndipo tulipoona. Baba aliuliza mke wake yuko wapi. Nikamwambia, kwa upole wote niliokuwa nao, na si mwingi, kwamba alikufa, kwamba tulimzika pamoja. Akaisikia kama mara ya kwanza. Akavua viatu. Kisha akaanza kubeba viti kutoka sebuleni kwenda nje, kimoja kimoja, akavipanga kando ya barabara kama inavyofanywa penye kilio, ili wanaume wakae. Majirani walipoona viti wakaja, wameshika vifua, kuuliza nani tena amekufa kwetu. Fundi cherehani alifunga duka. Mwenye baa alizima muziki. Nikalazimika kumweleza kila mmoja kwamba ni kilio kile kile.

Siku ya pili akauliza tena, nikamwambia tena, viti vikatoka tena. Nilidhani ni suala la kurudia mpaka ishike, kama unavyomfundisha mtoto majira. Haikushika. Kila asubuhi alikuwa mjane mpya. Ndipo shangazi yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alipokuja kutoka kwake na kikapu cha mboga, akakaa, akatazama siku nzima, na jioni akaamuru kwamba tusimwambie tena. Kama atauliza, tumwulize yeye anaonaje. Nilibisha, kwa sababu napenda mambo yaitwe majina yake. Shangazi hakubishana nami, alimenya mboga zake tu.

Kesho yake Baba aliuliza, nami nikamwuliza anaonaje. Alifikiri kidogo, akasema pengine amekwenda Pweto kununua samaki. Uso wake ukatulia. Nikasema eeh.

Sikumbuki siku aliyougundua ubao. Alikuwa na tabia ya kuleta kiti chake na kukaa nyuma yangu nikifanya kazi, kwa sababu chumba cha mbele ndicho chenye watu. Asubuhi moja nikasikia sauti nyuma yangu inasoma saa. Kisha siku. Kisha ikasoma kikaratasi cha njano, kazi baada ya kazi, polepole, kwa ile sauti ya zamani ya stesheni ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Akaniuliza nani ameandika ile tableau, ndivyo stesheni walivyouita ubao. Nikamwambia mimi. Akasema mpangilio ni mzuri, ila herufi ni ndogo, msafiri wa nyuma haoni. Nikakuza herufi.

Nitasema ukweli, hizo ndizo zilikuwa wiki nzuri pekee. Baba alianza kuamka kabla yangu. Alitaka shati lenye kola. Alikaa wima. Akisoma saa mbili kwenye kile kidirisha alimeza dawa yake ya presha bila ugomvi, kwa sababu ubao umesema saa mbili. Nikaongeza kikaratasi kingine, chake mwenyewe: leo ni siku gani, dawa, chakula, misa ya Jumapili, shangazi anakuja. Daktari wa zahanati alikuwa amesema utaratibu unasaidia, na mimi, kama kuna kitu nilichojaliwa, ni utaratibu. Nilipanga vidirisha upya kwa ajili yake. Kazi zangu zikahamia chini, siku yake ikapanda juu. Akawa anausimamia ubao kama zamani. Aliniuliza ile tasnifu ya Sheria imefika wapi, nikasema bado, akasema basi tia retard, neno la stesheni la treni iliyochelewa, akacheka kicheko chake cha puani. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, hakucheka.

Niliamini. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliamini kwamba nitamshika Baba ndani ya siku kwa kutumia saa, kalenda na vikaratasi, kwamba alimradi anasoma ubao wake kila asubuhi hatapotea zaidi, tutakaa hivyo hivyo, yeye nyuma yangu na mimi mbele yake, mpaka Mungu atakapoamua. Sikuwa naomba kingine.

Pweto ilikuwa pale pale juu kulia, na yeye aliisoma kila siku mwisho. Mvua. Aliposoma, alinitaka niandike saa ambayo mke wake atafika. Hilo sikuliweza. Kusema eeh ni jambo moja, kuandika saa ya mtu aliye kaburini ni lingine. Nikamwambia hatujapata habari. Hakukasirika. Kwake hiyo ilikuwa hali ya kawaida ya kazi.

"Kama habari haiyafika, banaandikaka retard, basi," akanifundisha. "Saa habatiake."

Kwa hiyo nikaandika kwenye kikaratasi cha njano: Pweto, retard. Bila saa. Akaridhika, akaomba chai.

Kompyuta yangu ni ya zamani, na vitu vya zamani vinaachwa na waliovitengeneza. Masika yakiwa bado hayajaisha, kidirisha cha hali ya hewa kilikwama. Mwanzoni nilidhani ni intaneti, kisha nikadhani ni mnara. Nikauliza dukani, wakaniambia wale waliokuwa wanatuma zile habari wameacha, hawatumi tena kwa kompyuta za aina yangu. Kidirisha kikabaki na picha ya mwisho iliyokifikia, wingu na matone, na jina la Pweto chini yake. Sikujali sana. Kilikuwa kimekufa kikisema mvua, na mvua ndiyo iliyokuwa inanyesha.

Na Baba alistarehe na ile mvua kuliko na kitu kingine chochote. Ilimweleza kila kitu. Kunanyesha kwao, njia imekatika, lori limezama mahali, mke wake ameketi kwenye baraza ya mtu akingoja, kama alivyowahi kungoja mara nyingi. Hakuna aliyekosea. Alikula vizuri. Alimwambia fundi cherehani, aliyekuja kuazima pasi, kwamba mvua ya mwaka huu ni kali sana kaskazini, na fundi, Mungu ambariki, akasema amesikia.

Kisha kiangazi kikaingia. Majani yakakauka, vumbi likapanda, ile baridi ya Juni ikaja ambayo inatufanya watu wa Lubumbashi tuvae makoti na kunung'unika. Baba alikuwa na blanketi magotini na sweta mbili. Kwenye skrini, Pweto kulikuwa bado kunanyesha. Nilikuwa nimezoea ile picha kiasi kwamba sikuiona tena. Yeye aliiona. Kuna mambo ambayo akili inayavujisha na kuna mengine ambayo yako chini kabisa, hayavuji, na mtu aliyezaliwa kule ziwani hahitaji akili kujua mvua inaanza lini na kuisha lini. Asubuhi moja alisoma saa, akasoma siku, akasoma mwezi, akafika Pweto akasimama. Akasoma mwezi tena.

"Mwezi wa saba mvua hainyeshake kwetu," akasema. "Hii tableau iko nasema bongo."

Nilijaribu kumweleza kwamba huo uongo, bongo kama alivyouita, ni wa kidirisha kimoja tu kilichoharibika, kwamba saa ni ya kweli na siku ni ya kweli. Lakini nilikuwa naongea na mtu aliyeandika ubao maisha yake yote. Kwake ubao haukuwa vipande. Ukisema uongo mstari mmoja, umesema uongo wote, na mwandishi wake anafukuzwa. Saa mbili ilipofika akakataa dawa, kwa sababu nani kasema ni saa mbili? Hakujua kama ameshakula. Jumapili alikataa kuvaa kwa misa. Baada ya siku chache alirudi pale alipokuwa kabla ya wiki zetu nzuri, na chini zaidi, anazunguka nyumbani na viatu mkononi akitafuta mlango wa stesheni.

Ningefanya nini? Ubao ulikuwa umeharibika, mimi ndiye fundi wa vitu vya aina hiyo, nikautengeneza. Nilitafuta kidirisha kingine, cha watu wengine, nikahangaika nacho siku nzima, tasnifu zikingoja, mpaka kikakubali. Nikakiweka mahali pa kile cha zamani. Kikafikiri kidogo, kisha kikafunguka: Pweto, jua. Nikamwita Baba aje aone. Nilikuwa na furaha, ndiyo, furaha ya kijinga ya mtu aliyetengeneza kitu.

Akaja na blanketi lake. Akakaa. Akasoma saa, siku, mwezi. Akasoma Pweto, jua, akatikisa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika. Akaniuliza kama jua hilo ni la leo tu. Nikasema hapana, ni la siku nyingi. Akaniuliza kama malori yanafika. Sokoni samaki wakavu walikuwa wamerundikwa mpaka njiani, kila mtu alikuwa ameona, sikufikiria hata kidogo kabla ya kujibu. Nikasema yanafika, Baba, kila siku. Akavuta blanketi magotini. Nilirudi kwenye kazi yangu, nikapiga mistari kadhaa.

"Jua iko inawaka kule," akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mabehewa. "Njia iko wazi. Malori iko inafika. Na mama yenu hayafika."

Niligeuka. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama kile kikaratasi cha njano chenye retard.

"Basi alikufa," akasema. "Na hakuna muntu aliniambia."

Akavua viatu. Akaanza na kiti chake mwenyewe, akakitoa nje, akarudi kuchukua kingine. Sikumzuia. Nilishika upande wa pili wa kile kiti kirefu ambacho hakukiweza peke yake, tukakitoa pamoja, tukakaa kwenye ile baridi, na fundi cherehani akaja kukaa nasi bila kuuliza neno. Nililia siku ile kuliko nilivyolia makaburini. Makaburini nilikuwa napanga watu.

Nilijipa moyo kwamba pengine sasa itashika, kwa kuwa ameipata mwenyewe, kwa njia yake, kwa ubao wake. Asubuhi ikafika. Alivaa shati lenye kola, akaleta kiti, akasoma saa, siku, mwezi, Pweto, jua. Akauliza kuhusu malori. Nilikaa kimya, lakini kimya changu nacho alikisoma. Viti vikatoka. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Jua lilikuwa linawaka Pweto kila siku, ndiyo kazi ya jua la kiangazi, na kila siku ubao ulimpeleka Baba hatua kwa hatua, bila kukosea, mpaka kaburini. Siku hizo alikuwa na akili timamu kuliko siku nyingine zote. Alijua saa, alijua tarehe, alimeza dawa zake. Alijua pia kwamba mke wake amekufa na kwamba tumemficha.

Nikaondoa Pweto peke yake. Nilidhani hilo litatosha, ubao ubaki na saa na siku na dawa, na ule mstari mmoja utoweke. Aligundua kabla hajakaa. Akauliza nani amefuta Pweto, na kwa amri ya nani. Nilikuwa jikoni nikimpashia uji niliposikia mlango. Fundi cherehani alimkuta mbali, upande wa njanja, ndivyo tunavyoiita reli na mitaa yake, amesimama bila viatu kati ya magunia yanayoshushwa kwenye lori, akiwauliza wapakuzi mmoja mmoja kama wamemwona mwanamke wa Pweto aliyevaa kitenge cha kijani. Mama alizikwa na kile kitenge. Fundi alimrudisha kwa kumshika mkono, akanipa bila kunitazama usoni.

Shangazi alikuja jioni ile. Alimwosha kaka yake miguu kwenye beseni, akamlaza, kisha akaja kukaa na mimi chumba cha mbele, mbele ya skrini iliyokuwa bado inawaka. Nilimwonyesha kila kitu, kama mwanafunzi anayetetea tasnifu yake. Kidirisha kikiwa na mvua, anaona ni uongo. Kikiwa na jua, anamzika mkewe. Nikikiondoa, anatoka kwenda kumtafuta. Na nikiondoa vyote, hatajua tena kama ni asubuhi. Nilikuwa nangoja aniambie kuna njia ambayo sijaiona. Shangazi hajui kompyuta, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Futa yote, mwana yangu," akasema. "Muntu haweze kuzika bibi yake kila siku."

Nikamwuliza kama anaelewa kwamba kufuta yote ni kumwacha Baba aende. Akasema anaelewa, ni kaka yake.

Nikafuta. Saa kwanza, kisha kalenda, kisha betri, kisha vikaratasi vya njano, cha kwangu na cha kwake. Havifutiki kwa kishindo, unabonyeza msalaba mdogo pembeni na kinaondoka. Skrini ikabaki buluu tupu. Sikuwa nimeiona tupu tangu nilipoinunua, ilionekana kubwa.

Baba alikaa mbele yake asubuhi. Hakuuliza nani amefuta. Alitazama ile buluu muda mrefu, kisha akashusha mikono magotini, na nadhani hapo ndipo alipoteremka kwenye kistuli chake. Pweto hakuitaja tena. Hakuuliza mke wake yuko wapi, na mimi niliyekuwa nakimbia swali lile miezi yote ile nikawa nalingoja kila nikisikia anakohoa ili kuanza kusema. Dawa anameza nikimwekea mdomoni. Shati la kola halihitaji, anavaa anachovalishwa. Viti haviendi nje. Majirani wanasema siku hizi mzee ametulia, na ni kweli.

Na mimi nafanya kazi kwenye skrini tupu. Nachelewa. Nimempa mwanafunzi tasnifu ya mwenzake, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Wakija kuuliza lini, nawaambia wapite baadaye, na hakuna hata mmoja anayeniuliza baadaye ya saa ngapi.

Juzi nilimaliza kazi nikiwa nimechoka, nikazima kila kitu isipokuwa skrini, nikavuta kiti nikakaa kando ya Baba. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani, baa bado hawajafungulia muziki. Tulikaa hivyo tukitazama mbele, wote wawili, mikono magotini. Baada ya muda akageuka. Alinitazama kwa adabu, ile adabu aliyokuwa nayo kwa watu asiowajua, wale wa chini ya ubao.

"Mama, unangoja nani?"

Nilisema nangoja mama yangu.

Akaitazama skrini, akaipitia yote, juu mpaka chini, kwa makini, asije akaruka mstari. Kisha akaniinamia kidogo, ili watu wengine wasisikie.

"Leo hakuna kitu, mama. Rudia ku nyumba."

Nilikaa nikingoja aongeze kesho. Alikuwa ameshageuka, anatazama ubao.